Kisu cha Magesa

Bega ndilo lililonistaafisha. Macho bado yanaona, akili bado inabishana na kila mtu, lakini bega la kulia limekataa nyundo, na mhunzi asiyeweza kuinua nyundo ni bora akae kwenye kiti awaachie wenzake nafasi. Basi nimekaa. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kwa hiyo kalamu hainitishi, na nyinyi watatu mnaobaki pale karakanani Igogo mmeniomba mara nyingi niwaandikie jinsi nilivyoanza. Najua mnatarajia habari za ushupavu. Nitawapa habari za wivu, maana wivu ndio uliokaa nami kazini muda mrefu kuliko mtu yeyote, na sitaki mzisikie kwa mwingine.

Nilitoka kwetu Usagara, hii ya Usukumani, nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, miaka michache baada ya vita ya Wajerumani, Waingereza wakiwa bado wanajifunza kutamka majina ya vilima vyetu. Baba alitaka nichunge ng'ombe na kulima pamba kama kaka zangu. Mimi nilikuwa nimeingiwa na tamaa ya visu tangu utoto. Nikiona kisu kizuri kwa mtu nilikuwa nakikodolea macho hadi mwenyewe anakificha. Niliposikia kwamba Mwanza kuna mzee anayefua visu ambavyo havijui kuchoka, nilifunga nguo zangu nikatembea. Kaka zangu walicheka. Walisema nitarudi kabla ya mavuno.

Mzee huyo aliitwa Kalemera. Alikuwa Mrongo kutoka Buzinza, katika watu waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe kabla ya majembe ya madukani kufika. Banda lake lilikuwa katikati ya mawe makubwa ya Igogo, si mbali na ziwa, na lilikuwa na giza mchana kutwa. Giza hilo lilikuwa la makusudi, kwa sababu rangi ya chuma chenye moto haisomeki penye jua. Niliinama mlangoni nikamsalimu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Umekula?”

“Nimekula, mzee.”

“Basi huna haraka. Kaa pale, utazame.”

Nilitazama siku nne. Siku ya tano aliniuliza jina, nikamwambia naitwa Masanja, akanipa kamba ya mvukuto nipulizie moto. Ofisi ya serikali kwa muda huo ingekuwa imeshaniandika, imenipa namba na kunifukuza.

Visu vyake alivitoa kwenye tupa kuukuu, zile za kukwangulia vyuma, zilizochakaa meno na kutupwa na mafundi wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Chuma cha tupa ni kigumu mno. Ukikigonga hivyo hivyo kinavunjika. Lazima kwanza ukipashe moto hadi kiwe chekundu, ukifukie ndani ya jivu, ukiache kipoe chenyewe polepole hadi kesho yake. Mara ya kwanza nilipoachiwa kazi hiyo nilivumilia hadi adhuhuri. Nikaifukua tupa, nikaiweka juu ya fuawe, nikaipiga pigo moja, ikakatika vipande viwili na kimoja kikaenda kugonga ukuta. Mzee Kalemera alikiokota, akakigeuza geuza.

“Umemwamsha mgonjwa,” akasema, akanipa tupa nyingine.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea, ningepata cha kumlaumu.

Baada ya hapo nikajifunza kukwangua. Bapa la kisu lazima linyooke kabisa pande zote mbili, na kunyoosha bapa kwa mkono si mchezo, mkono unapenda kupanda na kushuka. Nilikwangua miezi miwili. Kila jioni mzee alichukua kipande changu, akakilaza juu ya chuma kilichonyooka, akakiinua kuelekea mlangoni na kutazama kama mwanga unapita katikati. Ulikuwa unapita. “Nyumba yako ina madirisha,” alisema, akanirudishia. Nyinyi mnaotaka kumaliza kisu kwa siku moja, rudieni kusoma hapa. Miezi miwili, madirisha tu.

Sasa niwaeleze desturi yake, kwa sababu yote yaliyonipata yametokana nayo. Mzee Kalemera hakuwa akipima kisu cha mwanafunzi yeye mwenyewe. Alikitia mpini, akakipeleka ufukweni kwa Bibi Nyamizi, mama wa makamo aliyekuwa akipara na kutumbua samaki pamoja na wenzake pale mitumbwi inapoegeshwa. Bibi Nyamizi alifanya kazi na kisu hicho siku saba bila kukinoa hata mara moja. Sato, ningu, vichwa vya kambare, na kamongo mwenye mifupa isiyo na adabu. Siku ya nane kilirudi. Kikiwa kizima na makali bado yapo, mzee alikipiga nukta tatu penye shina la bapa, na tangu siku hiyo aliyekifua aliitwa fundi. Kikiwa kimepinda au kimemeguka, alikivunja mbele yako bila neno, na vipande vikaenda kwenye debe.

Kisu changu cha kwanza kilirudi kimepinda. Bibi Nyamizi alikileta mwenyewe, amekishika kwa vidole viwili.

“Masanja, hiki umekifua kwa chuma au kwa ngozi?” akauliza. “Nimemgonga kambare kichwani, kisu kikamwinamia.”

Wanawake waliokuwa naye walicheka hadi wakaketi chini. Mzee akakivunja. Hakikuvunjika hata, kilijikunja tu, ikabidi akikate kwa patasi, nayo ikawa aibu ya pili.

Nilikuwa nimeshamaliza mwaka na miezi pale alipokuja Magesa. Alitoka Nansio, Ukerewe, kwa mtumbwi, kijana wa rika langu, mrefu, mpole, mwenye vidole virefu na sauti ya chini. Naye aliambiwa akae atazame. Alitazama. Siku ya pili mzee akamuuliza jina. Siku ya pili! Nilihesabu.

Nisizunguke. Nilimwonea wivu tangu asubuhi ile na sijaacha hadi leo. Madirisha yangu yalinichukua miezi miwili, yake wiki tatu. Mzee alipokiinua kipande chake mlangoni hapakupita mwanga, akakaa nacho akikitazama, kisha akasema, “Vizuri, mwanangu.” Mimi nilikuwa nimevuta mvukuto, nimechota maji, nimeota malengelenge mahali ambapo sikujua panaota malengelenge, na jina langu lilikuwa bado Masanja. Usiku sikulala kwa ajili ya neno hilo moja. Asubuhi niliamka nikamkuta Magesa ameshafagia banda zima na kunipangia vyombo vyangu. Hata hilo liliniudhi. Mtu unayemwonea kijicho akikutendea wema anakuongezea mzigo.

Kilichonifariji ni kwamba visu vyake navyo havikupita. Vyangu vilipinda, vyake vilimeguka. Cha kwanza kilirudi kina pengo kama la mtoto wa miaka sita, cha pili kilikatika ncha ndani ya kamongo, na Bibi Nyamizi akasema yeye anauza samaki, hauzi vyuma. Nilimpa Magesa pole kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nashangilia.

Mnajua ninyi sababu, kwa sababu nimewafundisha. Sisi hatukuijua. Ukishafua kisu na kukinyoosha, unakipasha hadi kiwe chekundu na kukizamisha ndani ya mafuta ya mbegu za pamba, ili kiwe kigumu. Kikitoka hapo kimezidi ugumu, kinameguka. Lazima ukipashe tena kidogo, ili ukitulize. Mzee Kalemera alifanya hivyo kila siku mbele ya macho yetu. Alikisugua kisu hadi kiwe cheupe, akaulaza mgongo wa kisu juu ya kipande cha chuma chenye moto, akakitazama kwa kitambo, akakitoa. Siku moja nilimuuliza anafanya nini. “Nakausha mafuta,” akasema. Sijui hadi leo kama alikuwa ananitania, au kama kwao ndivyo walivyoliita jambo hilo. Neno lake jingine lilikuwa “Tazama”, na tulitazama, lakini tulitazama mtu anayekausha mafuta. Magesa, kwa usafi wake, aliona kitambaa kinatosha, akavifuta visu vyake vikakauka vizuri. Mimi, kwa haraka yangu, nilivitupa vyangu juu ya makaa mafuta yaungue upesi, nikavitoa vimekuwa vya buluu. Vyake vigumu mno, vyangu laini mno. Tungekuwa tunapendana tungelinganisha.

Msimu mmoja, mvua zikiwa zimekawia, mzee alituita wote wawili. Alikuwa amekonda na kikohozi kilikuwa kimemkalia kifuani.

“Fuawe ni moja,” akasema. “Na mimi sitakuwa hapa siku zote. Kila mmoja afue kisu. Vitaenda kwa Nyamizi siku moja, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Atakayepata nukta atabaki na fuawe. Mwingine arudi kwao kwa heri, hakuna ubaya.”

Magesa akaitikia, “Ndiyo, baba.” Mimi nikaitikia, “Ndiyo, mzee.” Nilikuwa nawaona kaka zangu wamekaa uani Usagara, wananisubiri na kicheko chao. Nilikuwa naiona fuawe ile, jiwe la Buzinza lililolainika kwa mapigo ya baba yake na babu yake, nayo imekaa mbele ya magoti ya Mkerewe aliyenikuta mlangoni. Nilisema moyoni haiwezekani.

Nilifua kisu changu kwa siku tisa. Kilikuwa kizuri, siwezi kukisingizia. Lakini Magesa alifua chake kwa siku kumi na mbili, na nilipokiona kimelala juu ya ubao, kimeshatoka kwenye mafuta, kimefutwa, hakijatiwa mpini, nilikisogelea. Bapa lilishuka kutoka mgongoni hadi kwenye makali bila kusita popote. Nilikigusa, nikajua sitafua kisu kama kile. Sikujua kwamba kitameguka. Nilichojua ni kwamba ni kizuri, na si changu.

Ilikuwa saa saba mchana. Mzee alikuwa amelala nyumbani, Magesa alikuwa amekwenda kuoga ziwani. Nilijua jambo moja kuhusu moto kutokana na visu vyangu mwenyewe, kwamba unalegeza. Nikachukua kile chuma cha mzee cha kukaushia mafuta, kikiwa bado kina moto, nikaulaza mgongo wa kisu cha Magesa juu yake. Bapa lilikuwa jeupe, na nilianza kuona rangi inapanda polepole kutoka mgongoni, rangi ya majani makavu, ukingoni imeanza kuelekea asali. Nilitaka kukiacha hadi kiwe cha buluu kama vyangu. Nikasikia kikohozi cha mzee njiani.

Nikakitoa. Nikakisugua kwa jivu na mchanga laini hadi rangi ikatoka, kikawa cheupe kama kilivyokuwa, nikakirudisha juu ya ubao. Nilijiambia moto huo mdogo unatosha kukiharibu. Mzee aliingia, akatazama huku na huku, akaketi. Magesa alirudi kutoka ziwani akinipiga mizaha kwamba nimetoka jasho kuliko makaa. Nikamcheka. Jioni hiyo visu vilitiwa mipini.

Siku saba zile sikula vizuri. Siku ya nane Bibi Nyamizi alikuja na visu vyote viwili kwenye kikapu. Changu alikiweka chini kwanza, kimepinda. Cha Magesa hakukiweka chini. Alikuwa anakitaka.

“Mzee Kalemera,” akasema, “hiki naomba kisirudi kwako. Nimekata vichwa vya kambare siku saba, leo asubuhi kimekata unywele wa mkono wangu. Nikulipe nini?”

Mzee alikichukua. Alikitazama penye mwanga, akakipitisha kwenye ukucha, akakigonga kwa kidole na kusikiliza. Kisha akachukua msumari wake na nyundo ndogo, akapiga nukta tatu. Alipomaliza alinitazama mimi, si Magesa, kwa muda ambao sikuupenda. Labda alijua. Labda alinihurumia tu. Nimelala na swali hilo miaka mingi na mwenye jibu hayupo.

Magesa alinikumbatia wakati naondoka. Alisema nikipata nafasi nirudi, tutafua pamoja, mzee hatakataa. Nilimwambia asante. Ningemuuma sikio kama ningethubutu.

Usagara sikurudi. Nilipata kazi kiwandani kule kwenye pamba, kunoa vile vyuma virefu vinavyotenga nyuzi na mbegu. Mkuu wa mafundi alikuwa Mhindi mmoja mzee, Fundi Kanji, mtu wa maneno mengi ambaye alieleza kila kitu mara tatu, mara moja kwa Kiswahili, mara moja kwa Kigujarati na mara moja kwa mikono. Mwezi wa pili alinionesha jinsi ya kutuliza patasi. Akaisugua ikawa nyeupe, akaiweka juu ya chuma chenye moto.

“Angalia rangi,” akasema. “Manjano inakuja, hii manjano ya nyasi kavu. Ukitaka kitu cha kukata, simama hapa. Ukichelewa inakwenda kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Buluu ni springi, si kisu. Umesikia, Masanja? Buluu si kisu.”

Niliketi chini juu ya gunia la mbegu. Alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Mbele ya macho yangu ilikuwa rangi ile ile ya mchana ule, ikiwa pale pale ilipokuwa nilipokisikia kikohozi. Nilikuwa nimekikamilisha kisu cha Magesa. Kilikuwa kinakwenda kumeguka kama vyake vyote, na mimi, kwa kutaka kukiua, nilikitia uhai. Nusu ya zile nukta tatu ilikuwa yangu. Na nitamwambia nani? Kwamba kisu ni kizuri kwa sababu nilitaka kukiharibu? Nilikunywa maji ya Fundi Kanji, nikarudi kazini.

Mzee Kalemera alikuwa ameshafariki, katika masika yaliyofuata kuondoka kwangu. Magesa alibaki na fuawe. Mimi nilikaa kiwandani miaka mitatu minne, nikajifunza rangi hadi nikaziota, na reli ilipofika Mwanza na vyuma kuukuu vikawa vingi nilifungua banda langu Igogo, hilo mnalolijua, hatua chache kutoka kwake. Sikuchagua mahali hapo kwa bahati. Nilitaka asikie nyundo yangu.

Visu vyangu havikupinda tena. Na vyake vilimeguka. Wanawake wa ufukweni walianza kuja kwangu mmoja mmoja, kwa aibu kidogo, kisha bila aibu. Walisema jambo la ajabu ni kwamba kile cha Bibi Nyamizi, cha Magesa, bado kinakata kuliko changu chochote. Kila mteja mpya alinieleza habari za kisu hicho. Nilikuwa nafua visu vizuri mwaka mzima, na kipimo kilikuwa kisu cha Magesa. Niambieni kama kuna adhabu iliyotengenezwa vizuri zaidi ya hiyo.

Siku moja, asubuhi ya mvua, Magesa akaja. Alikaa pale mnapoweka mkaa. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini uso wake ulikuwa umezeeka kuliko umri.

“Masanja, nikuulize kitu, wewe na mimi tumekula chungu kimoja,” akasema. “Kile kisu. Nimefua mia baada ya kile, sijakirudia. Chuma ni kile kile, mafuta ni yale yale, mkono ni huu. Vyote vinameguka. Baba alinipa nukta, akanipa fuawe, na mimi namwaibisha. Nilifanya nini siku ile? Ulikuwepo. Hukuona kitu?”

Juu ya chuma mbele yangu kulikuwa na kisu kinatulizwa, rangi inapanda. Ningenyoosha kidole tu. Magesa alikuwa ameinamisha kichwa, hakuona. Nilikiondoa kisu, nikakifunika kwa kitambaa.

“Sikuona kitu,” nikasema. “Ni mkono tu, ndugu yangu. Mkono una siku zake.”

Aliitikia kwa kichwa. Wiki mbili baadaye alifika na vijana wawili na mkokoteni, na juu ya mkokoteni ilikuwa fuawe ya Mzee Kalemera.

“Chukua,” akasema. “Kwangu inalia bure. Baba angependa iwe kwa mwenye mkono.” Kesho yake alipanda chombo akarudi Nansio kulima mihogo.

Kwa hiyo fuawe mnayoifulia, ambayo mnawaambia watu kwamba Mzee Masanja alirithishwa na Mrongo, niliipata hivyo. Nilikuwa nayo mbele ya magoti yangu miaka ishirini na kitu. Ningependa kuwaambia kwamba ilinichoma kila siku. Kuna siku nyingi ilinipendeza tu. Nilikuwa nimeshinda, ila Bibi Nyamizi alikuwa bado hai, na kisu chake bado kilikuwa ufukweni, chembamba sasa kwa kunolewa, na watu bado walimwita fundi mtu asiyekuwepo. Nikipita pale niligeuzia uso ziwani.

Bega liliponikataza nyundo nilikosa pa kujificha. Mtu akiwa na kazi anaweza kupiga chuma badala ya kufikiri. Mwezi uliopita nilipanda meli nikaenda Nansio. Nilimkuta Magesa nyuma ya nyumba yake, kichwa cheupe chote, anamenya mihogo na mkewe. Tulisalimiana kwa muda mrefu, tukaulizana habari za watoto. Kisha nikamwambia. Sikupunguza. Nilimwambia habari za saa saba mchana, za kikohozi, za jivu na mchanga, za gunia la mbegu kiwandani, na za asubuhi ile ya mvua aliponiuliza nami nikafunika kisu kwa kitambaa. Mkewe aliacha kumenya. Mimi nilijiandaa kwa lolote. Kama angeinuka anipige, bega langu lisingeweza kujikinga, na nisingetaka lijikinge.

Magesa aliweka muhogo chini. Aliangalia mikono yake. Halafu akauliza:

“Rangi gani?”

Sikuelewa mara moja.

“Ulipokitoa,” akasema. “Ilikuwa imefika rangi gani?”

“Ya majani makavu. Ukingoni ilikuwa inaelekea asali.”

“Kutoka mgongoni kuja kwenye makali?”

“Kutoka mgongoni.”

“Kumbe baba hakuwa anakausha mafuta,” akasema, na akaanza kutabasamu, si kwangu, kwa mtu mwingine wa zamani. Akaingia ndani, akarudi na kisu kuukuu kimefungwa kwenye gome, kimojawapo cha vile vyake vilivyomeguka, akakaa akakisugua kwa mchanga hadi kikawa cheupe. Akamwomba mkewe achochee moto. Hakuuliza habari za fuawe. Hakuuliza habari za miaka ile. Aliweka kipande cha chuma juu ya mafiga, akasubiri kipate moto, akaulaza mgongo wa kisu juu yake, akainama.

Nilisogea karibu ili nimwambie wakati wa kutoa. Rangi ilianza kupanda. Nilivuta pumzi niseme, na kabla sijasema Magesa alikuwa ameshakitoa, pale pale panapotakiwa, mara yake ya kwanza maishani. Nami nilichukua miezi minane kwa Fundi Kanji hadi mkono ukapazoea pahali hapo. Alikiinua kisu kuelekea kwenye mwanga, akasahau kwamba nipo, na mimi mzee mzima, niliyekuja kuomba radhi, nilikaa pale kando ya mihogo nikimwonea wivu.